Siyo Hiyo, Ile

Kosa langu ni kuichana chapati.
Ilikuwa ya moto, nikadhani nampozea,
nikaipasua katikati, mvuke ukatoka,
nikaweka vipande viwili kwenye kisahani cha bluu,
na Sikudhani, miaka mitatu kasoro mwezi,
akavitazama kama mtu anayesomewa hukumu.

Kisha akaenda chini.
Hakuanguka. Alikwenda, kwa hatua:
magoti, kiuno, bega, kisogo,
mpaka akalala chali kwenye sakafu ya jiko letu la Tabata Kimanga,
akapiga ukelele uliomtoa Mama Tarimo dirishani kwake
mwiko ukiwa bado mkononi.

"Irudisheee!"

Irudishwe vipi? Nikavishikanisha vipande,
nikavibana kwa vidole kama fundi viatu anayesubiri gundi ishike.
Akanyamaza, anaangalia.
Nikaachia. Vikaachana.
Akaanza upya, safari hii na miguu.

Mama mkwe, kutoka kwenye kochi: "Anadeka huyo. Mwacheni."
Mke wangu akaleta nyingine, nzima,
kubwa kuliko ya kwanza, inang'aa mafuta.
"Siyo hiyo!"
"Mwanangu, mbona hii ndiyo kubwa?"
"Ileee!"

Hapo nikakaa sakafuni, na suruali yangu ya kazini.

Maana sauti ile naijua.
Mwaka juzi, baba alipofariki,
nyumba ya Magomeni ilikatwa katikati
kwa ukuta wa matofali ya inchi sita,
huku kwangu, kule kwa kaka Mwinjuma,
na ukuta ukapita palepale kilipokuwa kitanda cha mzee.
Kaka akanipa kiwanja Chanika kufidia,
kikubwa mara tatu, hati mkononi.
Sikulala chali. Mimi mtu mzima, navaa tai.
Nilipanda ghorofa ya nne kwa wakili,
nikalipa, akakiandika kilio changu kwa kompyuta,
aya kumi na nne, Mlalamikaji anaomba,
mhuri juu, nakala tatu.
Ondoa mhuri. Ondoa aya.
Kinachobaki ni: siyo hiyo, ile.

Na si mimi peke yangu.
Mhasibu wetu, Bwana Lyatuu, shahada mbili,
alikula kimya wiki nzima
kwa kuwa mgeni aliegesha gari kwenye kivuli chake.
Mama Tarimo huyuhuyu, na mwiko wake,
hasemi na dada yake mwaka wa saba
kwa ajili ya kitambaa cha sare ya harusi
ambayo ndoa yenyewe imeshavunjika.
Tunauita msimamo.
Mtoto akiwa nao, tunauita utundu.

Ila yeye analia mpaka kinaisha.
Hilo ndilo nililoliona pale chini,
saa mbili kasoro, nimeshachelewa ofisini.
Kilio chake kilichakaa taratibu kama betri,
kikawa kwikwi, kikawa pumzi,
halafu akageuza shingo akamwona sisimizi
anaburuta chembe ya chapati kuelekea mlangoni.
"Anakula yangu," akasema,
bila kinyongo, kama anayetoa taarifa.

Tukamtazama sisimizi hadi alipopotea chini ya mtungi wa gesi.
Simu ikatetemeka mfukoni: wakili.
Kesi inatajwa Alhamisi, nisikose.
Sikujibu. Sikusema pia kwamba sitaenda.

Akaketi, kamasi mpaka kidevuni,
akachukua kipande kimoja akakila.
Kile cha pili akakiinua, akakigeuza huku na huku,
akanisogezea mdomoni.
"Poza na hii."

Ilikuwa imepoa zamani.
Nikaipuliza.